Nimekula kwa Dilek

Mwavuli wa njano nimeurudisha ofisini wiki iliyopita, umefungwa vizuri kwa ukanda wake. Kijana aliyeupokea aliniuliza kama bado unafunguka. Unafunguka, ila ubavu mmoja hulegea upepo ukitoka mtoni, kwa hiyo mkiwa darajani uinamisheni kidogo upande wa kushoto. Nilipomaliza kumweleza hilo nikaona kumbe yapo mengi ambayo hakuna atakayewaeleza nyinyi mnaobaki, nikaamua kuyaandika kabla hayajachanganyika na ndoto. Maana siku hizi yamekaribiana sana. Nikilala mchana, hapa kwangu Ilford, hujiona natembea kandokando ya mto Thames asubuhi ya ukungu. Wageni wangu wananifuata, nasikia viatu vyao, lakini nikigeuka nyuso sizioni. Naona mvuke wa vikombe tu.

Kazi yenyewe mnaijua: kuwatembeza watu London, waone ya kuonwa na waonje ya kuonjwa. Wangu walikuwa wageni wa Kiswahili. Familia za Mombasa na Dar es Salaam, wazee wa Unguja waliokuja kuwatazama wajukuu, Wahindi wa Nairobi wenye jamaa zao huku. Mimi sikuisomea. Nilikuwa nauza viatu katika duka moja la hapa Ilford, na siku moja Bwana Kanji akanikuta namsimulia mteja supu niliyokunywa jana yake. Alingoja mpaka mteja akaondoka, bila kiatu, kisha akaniambia, "Njoo ufanye kazi kwangu. Viatu huviwezi."

Bwana Kanji alikuwa Mhindu wa Mombasa, mfupi, na kofia ya sufu hakuivua hata jua la Julai. Kiswahili chake kilikuwa cha Mji wa Kale. Biashara yetu hii ndiye aliyeianzisha. Alikuwa mkali kwa wenye maduka, mpole kwa wageni, na aliogopa njiwa, jambo lililomtesa sana mtu aliyejichagulia kazi ya kutembea viwanjani.

Siku yangu ya kwanza tulikutana Brick Lane asubuhi, barabara bado imelowa kwa mvua ya usiku.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikasema nimekula, chai na mkate wa siagi, nikitarajia kusifiwa kwa kujiandaa.

"Basi leo hunifai. Mtu aloshiba hasikii harufu. Kesho uje na njaa."

Nikamfuata hivyo hivyo. Wageni walikuwa familia moja ya Malindi. Nilidhani ataanza na wafalme na vita, lakini alisimama kwenye kona, akafumba macho, akawaambia na wao wafumbe. Tukasimama pale, wakubwa kwa wadogo, tumezuia njia ya watu wanaowahi kazini. Mwanzo sikusikia kitu ila magari. Kisha harufu zikaanza kuja moja moja, kama watu wanaotoka usingizini. Ukaja mkate wa duara, ule unaochemshwa majini kabla ya kuokwa. Ikaja iliki. Ikaja kahawa, halafu, kutoka mbali, vitunguu. Mtoto mdogo wa ile familia alikuwa wa mwisho kufumbua macho.

"Sasa mumefika London," akasema Bwana Kanji. "Jana mulifika uwanja wa ndege tu."

Nilifanya naye kazi mpaka miguu yake ilipokataa, na baada ya hapo nilikuwa nikimpelekea vionjo nyumbani, avikosoe akiwa kitandani. Aliyonifundisha ni ya kawaida. Kijue kila choo kwenye njia yako, na kijue kabla ya kulijua kanisa lolote. Uliza chipsi zimekaangwa kwa mafuta gani kabla mgeni hajaketi, kwa sababu maduka mengine hutumia mafuta ya ng'ombe asiyechinjwa kwa sheria, na mgeni Mwislamu aliyekwisha kula moja hutakuwa na la kumwambia. Wahindi wengine hawali kitunguu wala kitu kilichochimbwa ardhini, na ukiona hivyo sahau habari ya viazi. Beba vijiko vidogo vyako mwenyewe. Na usimuulize mgeni kama chakula kitamu, atakudanganya kwa adabu. Tazama kijiko. Kikirudi sahanini mara ya pili bila kuulizwa, hapo ndipo mahali pa kurudi na wengine.

Kijiko cha Bi Mwanakombo hakikushuka sahanini hata mara ya kwanza, na ndiye ninayetaka kuwasimulia.

Alikuwa mama wa Wete, Pemba, mtu wa makamo ya juu, mwembamba, anayetembea wima kama aliyejitwika kitu. Alikuja kumtazama mwanawe wa pekee, Hamad, fundi wa lifti anayeishi Woolwich. Hamad hakuweza kupata likizo zaidi ya siku chache, kwa hiyo alitupigia simu ofisini akataka mtu wa kumtembeza mama yake siku tatu atakazokuwa kazini. "Muonyesheni vizuri," aliniambia. "Ikulu, daraja, lile gurudumu kubwa. Na ale. Tangu aje hali kitu."

Siku ya kwanza nilimpitisha kote huko. Alitazama kila kitu nilichomwonyesha, akasema "Mashallah" mahali panapostahili, akashukuru. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyonyesha wala isiyoacha, na mji wote ulikuwa na rangi ya kijivu ya bati lililochakaa. Nilimkalisha mahali pa vikeki vya maziwa na jamu, nikamkalisha mahali pa samaki na chipsi. Akaweka mikono mapajani, akanambia, "Kula wewe, mwanangu, umetembea sana." Yeye akatoa biskuti mkobani, akazila kwa maji.

Siku ya pili nikajaribu jambo jingine. Kuna maduka ya zamani ya watu wa mashariki ya London, ya vigae vyeupe na meza za mawe, wanapouza viazi vya kuponda kwa rojo ya kijani ya majani, pamoja na samaki mrefu kama nyoka. Nilimpeleka huko kwa sababu nilikuwa nimeishiwa. Alipoletewa bakuli aliinama, akalitazama kwa muda.

"Mkunga huu," akasema.

"Ndiyo, mkunga."

"Wazungu wanakula mkunga." Akacheka, mara ya kwanza. "Kwetu kuna watu hata kuugusa hawataki."

Lakini hakula. Alisukuma bakuli pole pole, kama mtu anayemhamisha paka aliyelala, akaniuliza, "Bi Raya, mwanangu anakula wapi?"

Nikasema sijui, pengine nyumbani.

"Nyumbani kwake jiko jipya. Sufuria zina karatasi za dukani. Kila kitu tangu nije nimeandaliwa. Wewe mwenyewe umeandaliwa, na sikulaumu. Mimi miaka yote nikimpigia simu namuuliza, umekula? Ananambia, nimekula kwa Dilek. Kila siku kwa Dilek. Nataka kumwona huyo Dilek."

Nikaelewa. Dilek ni jina la kike, la Kituruki. Nilimuuliza kama ningempigia Hamad kwanza.

"Usimpigie. Akijua ataniandalia na yeye."

Mpango wa siku ile ulikuwa makumbusho, na aliyelipia makumbusho ni Hamad. Nilimtazama yule mama, mikono mapajani, nikaufunga mwavuli kwa ukanda wake. Hamad aliwahi kutaja kwamba karakana yao iko Tottenham, nayo Tottenham imejaa Waturuki. Tukashuka chini tukapanda laini ya Victoria. Ndani ya treni alikaa wima, mkoba mapajani. Taa za handaki zilikuwa zikipita usoni pake, mwanga na giza, na nilimwona anajipanga, midomo ikicheza kidogo, kama mtu anayerudia maneno atakayomwambia hasimu wake.

Sokoni Tottenham nilimuuliza mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa anauza kisamvu kilichotwangwa. Kiswahili chake ni cha kule kwao. "Dilek? Ule wa chai? Iko pale, mama, nyuma ya kanisa. Mlango ya bluu." Akamtazama Bi Mwanakombo toka juu mpaka chini. "Unamutafuta kwa mambo ya kukula ao kwa mambo ingine?"

"Tutaona," akasema Bi Mwanakombo.

Ulikuwa mkahawa wa kawaida kabisa, wa mayai na soseji, ambao ukipita nje huuoni. Vioo vimejaa mvuke. Ndani kulikuwa na joto, na mafundi wachache walikula kimya kimya kila mtu na gazeti lake. Nyuma ya kaunta alisimama mwanamke mnene wa makamo yake Bi Mwanakombo mwenyewe, kitambaa kichwani kimefungwa kwa nyuma, anapangusa birika. Nikamuuliza kwa Kiingereza kama yeye ndiye Dilek. Akaniitikia, lakini hakunitazama mimi. Alikuwa anamtazama Bi Mwanakombo, paji la uso, kisha kidevu. Akaweka birika chini.

"Huyu ni mama yake Hamad," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikafasiri. Bi Mwanakombo alibaki amesimama. Maneno yote aliyoyapanga kwenye treni aliyapanga kwa ajili ya msichana, na msichana hakuwapo. Hatimaye akasema, "Mwambie nataka kula anachokula mwanangu."

Dilek alituketisha kwenye meza ya pembeni, karibu na hita. Akaleta mayai ya kukaanga, uyoga, nyanya iliyochomwa, tosti na maharage mekundu ya mkebe. Soseji za nguruwe hakuweka. Alisema Hamad hapewi, ana kikaango chake mbali. Hilo nilipolifasiri, Bi Mwanakombo alikitazama kikaango kilichotundikwa peke yake ukutani. Kisha akachukua kijiko, akaanza na maharage.

"Yana sukari," akasema.

"Wanavyoyapika huku."

"Hata sisi tunayatia sukari, mwezi wa Ramadhani." Kijiko kikarudi sahanini. Kikarudi tena. Alikula taratibu, bila kuinua kichwa, mpaka akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha tosti, na mimi niliyekwisha kuwalisha watu wengi katika mji huu sikuwahi kumtazama mtu akila hivyo. Alikula kama anayesoma.

Dilek akaja kuketi nasi, na chai. Bi Mwanakombo akamuuliza amemjuaje mwanawe. Dilek akaanza kueleza, akinitazama mimi.

"Alikuja wakati wa baridi. Hakujua kuagiza, alinyoosha kidole kwenye sahani ya mtu mwingine. Aliketi hapa mlipoketi. Kesho yake akaja tena. Halafu akawa anakuja asubuhi na haondoki mpaka nafunga. Kazini alikuwa haendi. Hakuwa anasema na mtu yeyote. Siku moja nilipita na sahani nikaona machozi yanadondokea kwenye chai, na mwenyewe hana habari."

Nikakoroga chai yangu kwanza. Wale mlionirithi kazi hii mtakutana na kitu kama hicho, na hakuna atakayekuwa amewafundisha. Mimi nilikuwa mtu wa vyakula.

"Anasemaje?" akauliza Bi Mwanakombo.

"Anasema Hamad alipokuwa mgeni alikuja hapa, wakazoeana."

"Hayo uliyosema ni machache. Yeye kasema mengi." Akanigeukia. Hakuwa amekasirika. "Bi Raya, mimi nimemzaa. Nifasirie yote."

Nikamfasiria yote. Alisikiliza huku kidole chake kikifuata mchirizi wa maji mezani. Nilipomaliza akasema, "Majira hayo ndiyo aliyokuwa akinambia kwa simu kwamba baridi ya huku tamu. Kama kulala ndani ya mtungi, akasema. Nikamwonea wivu." Akaufuta ule mchirizi kwa kiganja. "Muulize alimfanyaje."

"Nilimpa viazi amenye," akasema Dilek. "Dawa nyingine sikuijua. Kila asubuhi nilimwekea ndoo ya viazi, akamenya, nami sikumsemesha. Ilikwenda hivyo muda mrefu. Halafu siku moja akanilalamikia kwamba kisu changu butu. Nikaingia jikoni nikalia, kwa sababu nilijua amepona."

Hapo nilikuwa bado nafasiri neno butu, mlango ukafunguka na Hamad akaingia, amevaa ovaroli ya kazi, begi la vifaa begani. Alipotuona alisimama na mlango wazi, baridi yote ikaingia. Mafundi wakainua vichwa.

"Mama," akasema.

"Funga mlango, watu wanakula."

Akafunga. Akaja, akasimama mbele yetu kama mtoto wa skuli, mwanamume mrefu vile. Alimtazama Dilek, akamtazama mama yake, akaitazama sahani tupu.

"Umekula, mama?"

"Nimekula kwa Dilek," akasema Bi Mwanakombo.

Hamad aliangalia pembeni. "Kakwambia."

"Kaniambia."

"Sikutaka usikitike uko mbali huwezi kufanya kitu."

"Kaa ule kwanza. Una shifti." Na Hamad alipokwisha kuketi, mama yake aliweka kiganja mgongoni pake, katikati ya mabega, akakiacha hapo muda wote aliokula. Dilek alimletea sahani bila kumuuliza anataka nini. Hakuna aliyesema jambo la maana. Wale mama wawili walimtazama akitafuna.

Tulirudi Woolwich jioni kwa laini ya Elizabeth. Treni ile ni laini mno, husikii inavyokwenda, na watu waliochoka husinzia humo kama waliolala kwenye maji. Nilidhani Bi Mwanakombo naye amesinzia.

"Nilikuja kumchukua," akasema, macho yamefumbwa. "Nyumba ipo Wete, nimeshaipaka rangi. Msichana yupo, mwalimu, mtoto wa watu wazuri. Nilisema huko kuna mwanamke amemshika, nitamtoa kwake."

Baada ya stesheni moja akafumbua macho. "Kesho tunakwenda wapi?"

"Greenwich, kwa boti."

"Dilek kashafika huko?"

Nikampigia simu Dilek. Hakuwahi kufika. Alikuwa ameishi Tottenham tangu ujana wake, amezeekea nyuma ya ile kaunta, na mto Thames aliuona akipita juu yake kwenye basi, akienda hospitali. Alisema hawezi kufunga mkahawa. Nikafasiri. Bi Mwanakombo akasema, "Mwambie simuulizi." Sijui Kiingereza changu kililitoaje hilo, lakini asubuhi alikuwepo gatini, na koti zuri, na mikate ya jibini ameifunga kwenye karatasi ya fedha. Hamad aliniambia baadaye kwamba wateja walifika mlangoni wakadhani kuna msiba.

Wale mliohudhuria chakula changu cha kuagana mmemwona Hamad. Ndiye yule mrefu aliyekwenda kusikiliza lifti ya ukumbi inalia nini, bila kuombwa. Hakurudi Pemba kuishi. Huenda kila akipata likizo, na katika nyumba ya Wete siku hizi anaishi yule mwalimu na mumewe.

Lakini mambo hayo yalikuwa bado mbele. Siku ile ukungu ulikuwa umekaa juu ya maji, na boti ilipita chini ya madaraja yaliyokuwa yanatokea na kupotea kama mawazo. Nilisimama kati yao tayari kufasiri. Dilek akatoa mikate, Bi Mwanakombo akala, akauliza kwa Kiswahili kama jibini ni ya mbuzi. Dilek akajibu kwa Kituruki jambo refu. Wakaridhika wote wawili. Nikasogea nyuma kidogo.

Greenwich niliwanunulia samaki na chipsi mahali ambapo mafuta nayajua, tukapanda kilima pole pole tukila kwa mikono, siki ikitupanda puani. Juu kule ukungu ulikuwa unafumuka, na mji mzima ukaanza kujitokeza chini yetu, mweupe, bila sauti. Dilek alisimama na kipande cha samaki mkononi. Amekaa humo maisha yake na hakuwahi kuuona.

Bi Mwanakombo akachukua kazi yangu. Alinyoosha mkono akamweleza kwa Kiswahili kwamba yale majumba yenye nguzo ndiyo ikulu, na ile paa nyeupe kubwa kando ya mto ni ukumbi wa harusi, na ile minara ya vioo ndipo Hamad anapotengeneza lifti. Ikulu ilikuwa upande mwingine kabisa, haionekani. La harusi sijui alilitoa wapi. La lifti huenda lilikuwa kweli. Dilek alitikisa kichwa kukubali kila moja, nami sikusahihisha kitu.

Tulipoketi kwenye benchi Bi Mwanakombo akaniita niketi kati yao. "Sasa nifasirie," akasema, "na usipunguze. Mwambie Hamad akiwa na homa hapendi kusemeshwa. Asimuulize ulize. Amwekee maji karibu na kitanda, amzimie taa, aondoke. Atarudi mwenyewe."

Nikamfasiria hivyo hivyo, neno kwa neno.

Dilek alikunja karatasi ya chipsi, akaikunja tena ikawa ndogo.

"Najua," akasema.

Nikalitoa kwa Kiswahili, hilo moja. Bi Mwanakombo aliutazama mji, kisha akaichukua ile karatasi mkononi mwa Dilek, akanipa mimi nikaitupe. Nilipotoka kwenye pipa la taka walikuwa wameshaanza kushuka kilima, wameshikana mikono kwa sababu ya utelezi, kila mmoja anasema lugha yake.